Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kubana Video za Nyumbani Zienee Kwenye Diski

Maswali haya ni ya watu wenye video walizojirekodia wenyewe, iwe kwa simu, kwa kamera ndogo au kwenye kanda za zamani zilizokwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta, ambao sasa wanataka kuzihifadhi au kuwagawia ndugu kwenye diski lakini wanakuta mafaili ni makubwa kuliko nafasi iliyopo. Mwenye haraka na asome kwanza jibu la hesabu ya kasi ya biti pamoja na linalofuata kuhusu kupunguza muda, kwa sababu hayo mawili yana uzito kuliko mengine yote.

Kwa nini diski ya gigabaiti 4.7 inakataa faili ambalo kompyuta inasema lina gigabaiti 4.5?

Tatizo ni namna mbili tofauti za kuhesabu. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, kwa hiyo DVD ya tabaka moja ina nafasi ya takribani baiti 4,700,000,000. Windows hutumia vizidisho vya 1,024, na kwa hesabu hiyo diski ileile inaonekana kuwa na gigabaiti 4.38 tu. Faili ambalo Windows inaliita la gigabaiti 4.5 lina zaidi ya baiti bilioni 4.8, na haliwezi kuingia. Kompyuta za Apple zenyewe huhesabu kama watengenezaji wa diski, ndiyo maana watu wawili wanaweza kuangalia faili moja wakasoma namba mbili. Kwa mtumiaji wa Windows, kikomo cha kukumbuka ni 4.38 kwa DVD ya kawaida na takribani 7.96 kwa ile ya tabaka mbili inayouzwa kama ya gigabaiti 8.5.

Usijaze diski hadi ukingoni. Orodha ya mafaili, menyu na taarifa nyingine zinazoambatana na video nazo huchukua nafasi, na kuacha asilimia 5 wazi kunakuepusha na kazi ya saa nyingi inayokwama kwa megabaiti chache.

Mbona video ya nyumbani ni kubwa kiasi hiki?

Picha inayotembea ni data nyingi mno kwa asili yake. Fremu moja, yaani picha moja tuli kati ya zile zinazounda video, ya pikseli 1920 kwa 1080, ikiandikwa bila kubanwa kwa namna ambayo video nyingi huhifadhi rangi, ni takribani megabaiti 3.1; fremu 30 kwa sekunde ni megabaiti 93, na kwa mwendo huo DVD nzima ingejaa ndani ya sekunde 50. Kwa hiyo kila faili ulilo nalo limeshabanwa tayari, na kamera ndiyo iliyolibana.

Kamera, hata hivyo, hubana kwa haraka. Inalazimika kumaliza kila fremu papo hapo, wakati betri inapungua na chombo kinapata joto, hivyo hutumia biti nyingi ili isiharibu picha. Simu inayorekodi video ya 4K kwa fremu 30 kwa sekunde kwa kodeki (yaani njia ya kubana na kufungua video) ya HEVC inaweza kutumia takribani megabaiti 170 kwa dakika, yaani zaidi ya gigabaiti 10 kwa saa. Kanda ndogo za MiniDV, zinapohamishiwa kwenye kompyuta bila kubadilishwa, hutoa takribani gigabaiti 13 kwa saa. Kompyuta iliyotulia mezani haina haraka hiyo: inaweza kuichunguza video kwa utulivu na kuiandika upya kwa biti chache bila jicho kuona tofauti kubwa, na hapo ndipo nafasi yako ilipo.

Je, nikiiweka kwenye faili la zip haitapungua?

Haitapungua kwa kiasi cha maana. Zip hutafuta data inayojirudia ndani ya faili, na kodeki ya video imeshaondoa karibu marudio yote hayo.

Ni kitu gani hasa kinachoamua ukubwa wa faili?

Ni viwili tu: kasi ya biti, yaani idadi ya biti zinazotumika kuandika kila sekunde, na muda wa video. Ukizidisha kimoja kwa kingine unapata ukubwa wa faili. Ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde na aina ya kodeki haviingii moja kwa moja katika hesabu hiyo. Vyenyewe huamua tu kama picha itaonekana nzuri au mbaya kwa kasi ya biti uliyoichagua. Mtu anayeelewa jambo hili hahangaiki tena kubahatisha vitufe, kwa maana anaweza kujua ukubwa wa faili kabla hata hajaanza kazi.

Hesabu yenyewe ni hii. DVD ya tabaka moja, baada ya kuacha asilimia 5, inabakiwa na takribani kilobiti 35,700,000. Kwa urahisi, gawanya 595,000 kwa idadi ya dakika za video yako. Jibu ni kilobiti kwa sekunde, za picha na sauti pamoja. Tuseme una video ya saa moja na dakika 50, yaani dakika 110. Ukigawanya 595,000 kwa 110 unapata takribani 5,409. Toa 192 kwa ajili ya sauti, na picha inabakiwa na takribani kilobiti 5,217 kwa sekunde. Andika 5,200 katika programu yako na faili litaenea. Kwa dakika 180 jumla inashuka hadi takribani 3,300, na kwa dakika 240 haifiki 2,500. Diski ya tabaka mbili ina namba yake, 1,076,000, na Blu-ray ya gigabaiti 25 inatumia 3,166,000; mgawanyo ni uleule.

Nianze kupunguza wapi?

Anza na muda. Haya ndiyo maoni yangu ya dhati, nami ningependa kila anayefanya kazi hii ayazingatie kabla ya kugusa kitu kingine: punguza dakika kabla ya kupunguza ubora. Katika video nyingi za nyumbani kuna dakika ambazo kamera ilisahauliwa ikiwa inarekodi sakafu, mwanzo mrefu wa watu wanaojipanga, tukio moja lililopigwa mara tatu, na giza la mwisho wa kanda. Ukiondoa dakika 30 zisizo na kitu katika video ya dakika 150, zile 120 zinazobaki hupata biti za ziada kwa robo nzima, na sura za watu unaowapenda zitaonekana vizuri zaidi kwa sababu hiyo pekee. Hakuna mpangilio wowote wa programu utakaokupa faida hiyo bila kukudai kitu.

Ukataji wenyewe unaweza kufanywa bila kuandika video upya. Programu ya bure ya LosslessCut hukata faili na kuunganisha vipande bila kupoteza ubora wowote, kwa dakika chache tu. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya kuanzia hulazimika kuangukia kwenye fremu kamili, ile isiyotegemea nyingine, kwa hiyo mkato unaweza kusogea kwa sekunde moja au mbili. Kwa kazi ya kuondoa mabaki hilo halina madhara, mradi uache nafasi kidogo kabla ya neno la kwanza la msemaji.

Tahadhari moja: usikate kwa pupa. Mazungumzo ya pembeni ambayo leo yanaonekana hayana maana, sauti ya mzee anayeuliza kama kamera inafanya kazi, huenda yakawa ndiyo yanayotafutwa baada ya miaka 20. Kata kilicho kitupu, na ukiwa na shaka kiache.

Kuna tofauti gani kati ya DVD ya kuchezwa kwenye deki na diski ya data?

Tofauti ni kubwa, nayo huamua kila hatua inayofuata. Kiwango cha DVD-Video, kinachosomwa na deki za sebuleni tangu diski hizi zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, hakibadiliki. Picha huandikwa kwa kodeki ya MPEG-2, kwa pikseli 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde kwa nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL, au pikseli 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa nchi zilizotumia NTSC. Picha haiwezi kuvuka kilobiti 9,800 kwa sekunde, na jumla ya kila kitu haiwezi kuvuka 10,080. Mafaili hukaa katika folda iitwayo VIDEO_TS, yakiwa yamekatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja. Ukiweka faili la MP4 kwenye diski tupu na kulichoma, hujatengeneza DVD-Video, na deki ya zamani itaikataa hata kama diski ni nzima.

Diski ya data ni sehemu ya kuhifadhia tu, kama flashi. Unaweza kuweka faili la aina yoyote, la ukubwa wowote wa picha, lenye kodeki ya kisasa, na litachezwa na kompyuta yoyote yenye draivu ya diski na programu inayofaa, kama VLC. Baadhi ya deki mpya na za Blu-ray nazo husoma MP4 kutoka kwenye diski ya data, lakini hilo lazima lihakikishwe kwa deki yenyewe.

Chaguo linategemea mpokeaji. Kwa mzazi mwenye deki na rimoti asiyetaka kusikia habari za kompyuta, tengeneza DVD-Video. Programu ya bure ya DVDStyler hubadilisha video, hutengeneza menyu na kuchoma diski. Kwa kumbukumbu yako mwenyewe, au kwa mtu anayetumia kompyuta, chagua diski ya data, kwa sababu kodeki mpya zinaweka picha bora zaidi katika nafasi ileile. Usiitegemee HandBrake kwa kazi ya kwanza: ni programu nzuri sana ya kubana, lakini hutoa MP4, MKV na WebM, haitengenezi DVD-Video.

Nitumie kodeki gani kwa diski ya data?

H.264 ndiyo salama zaidi. Ilikamilishwa mwaka 2003, na ni vigumu leo kupata simu, televisheni au kompyuta isiyoisoma. HEVC, inayoitwa pia H.265, ilikuja mwaka 2013 na huweza kutoa picha ya ubora unaokaribiana kwa karibu nusu ya biti, hasa kwa video za 4K, lakini huchukua muda mrefu zaidi kuandika na vyombo vya zamani haviifahamu. AV1 ya mwaka 2018 inabana zaidi ya hapo, ila kwa diski ambayo huenda ikafunguliwa na mtu mwingine kwenye chombo usichokijua, ningeiacha kwanza. Diski ya ukumbusho isiyofunguka haina faida kwa mtu yeyote, hata ikiwa imebanwa kwa ustadi mkubwa.

Je, kupunguza ukubwa wa picha kunaharibu video?

Kunapunguza undani, lakini mara nyingi ndiko kunakookoa sura ya video. Biti zikiwa chache, kodeki iliyolazimishwa kuandika pikseli nyingi huanza kuacha vipande vya mraba, na nyuso za watu hupakazika kila wanaposogea. Biti zilezile zikigawiwa pikseli chache huzitosha, na picha hutulia. Video ya 4K kuishusha hadi 1920 kwa 1080 ni uamuzi rahisi, kwa sababu pikseli hupungua hadi robo, na katika televisheni ya kawaida ukiwa umekaa mbali kidogo tofauti haionekani kirahisi. Kutoka hapo hadi 1280 kwa 720 tofauti huanza kuonekana, ila inavumilika kwa video ndefu.

Jambo la kuepuka ni kupanua. Kanda ya zamani yenye mistari 576 haipati undani wowote ikipanuliwa hadi 1080, na faili lake linakua bure.

Wanaotengeneza DVD-Video ndefu sana wana njia isiyojulikana na wengi: kiwango hicho kinaruhusu pia picha ya pikseli 352 kwa 576, nusu ya upana wa kawaida, ambayo deki huitandaza yenyewe wakati wa kuonyesha. Kasi ya biti ikishuka chini ya takribani 2,500, picha hiyo nyembamba huonekana safi kuliko picha pana iliyojaa miraba. Kwa kanda za VHS, ambazo tangu mwanzo hazikuwa na undani mwingi wa kupoteza, hasara yake ni ndogo sana.

Nichague ubora thabiti au kasi ya wastani?

Kama lazima faili lienee kwenye diski fulani, chagua kasi ya wastani na uiambie programu ipitie video mara mbili. Katika pito la kwanza inachunguza tu: wapi pana watu wanaocheza ngoma na maji yanayorukaruka, wapi pana mtu aliyeketi mbele ya ukuta. Katika pito la pili inazigawa biti kulingana na uzito wa kila tukio, na jumla inaangukia pale ulipotaka. Pito moja tu haliwezi kujua kilicho mbele, hivyo huweza kutumia biti kwa ukarimu mwanzoni na kubana kwa nguvu kwenye tukio kubwa la mwisho.

Kwa wanaotumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi, mapito hayo mawili kwa video ya dakika 110 iliyotajwa hapo juu ni amri hizi:

ffmpeg -i asili.mov -c:v libx264 -b:v 5200k -pass 1 -an -f null -

ffmpeg -i asili.mov -c:v libx264 -b:v 5200k -pass 2 -c:a aac -b:a 192k nakala.mp4

Ubora thabiti hufanya kazi kinyume: unaitajia programu ubora unaoutaka, nayo hutumia biti zozote zinazohitajika. Kwa x264, programu inayoandika video za H.264, namba huanzia 0 hadi 51, ndogo ikiwa bora zaidi. 23 ndiyo inayotumika usipochagua, na kila ukiongeza 6 faili hupungua kwa karibu nusu. Njia hii inafaa sana pale unapokusanya video nyingi fupi kwenye diski moja bila kujali kila moja itakuwa na ukubwa gani, na pia kwa majaribio. Ubaya wake ni kwamba ukubwa wa mwisho haujulikani mpaka kazi imalizike.

Kwa njia yoyote utakayochagua, fanya jaribio kwanza. Kata dakika mbili za sehemu ngumu kuliko zote, siyo sehemu tulivu, zibane kwa kasi uliyoipata katika hesabu, kisha zitazame kwenye televisheni itakayotumika. Angalia nywele, majani, na ukuta wenye kivuli kinachofifia polepole, maana hapo ndipo ubanaji mbaya hujitokeza mapema. Ukiridhika na dakika hizo mbili, video nzima itakuridhisha.

Sauti inachukua nafasi kiasi gani?

Inategemea namna ilivyoandikwa, na watu wengi huisahau. Sauti isiyobanwa ya DVD, yenye njia mbili, hutumia kilobiti 1,536 kwa sekunde. Kwa dakika 110 hiyo ni karibu gigabaiti 1.27, zaidi ya robo ya diski nzima. Ikibanwa kwa AC-3, kodeki ya sauti ya DVD, kwa kilobiti 192, muda uleule unachukua megabaiti 158 tu. Baadhi ya programu za kutengeneza DVD huacha sauti bila kubanwa usipozielekeza, kwa hiyo likague jambo hili kabla ya kulaumu picha. Kwa MP4, kodeki ya sauti ya AAC kwa kilobiti 128 hadi 160 inatosha kwa mazungumzo. Usishuke sana kwa ajili ya kuokoa megabaiti chache, kwani mtazamaji husamehe picha iliyofifia kidogo, lakini sauti ya marehemu ikisikika kama inatoka bombani, hilo halisameheki.

Kanda zangu za zamani hazibaniki vizuri. Kuna nini?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni chengachenga. Kila nukta inayorukaruka kwenye picha ya VHS au ya chumba chenye giza ni badiliko jipya machoni pa kodeki, nayo huliandika kwa uaminifu, ikitumia biti kwa uchafu badala ya sura. Kichujio chepesi cha kupunguza chengachenga, kama hqdn3d kilichomo katika HandBrake na ffmpeg, huweza kulipunguza faili kwa kiasi kikubwa na kuifanya picha ipendeze zaidi. Neno muhimu ni chepesi, kwa sababu kichujio kikali hulainisha ngozi za watu hadi zinafanana na nta, na undani uliofutwa haurudi.

Sababu ya pili ni namna kanda hizo zinavyorekodi. Kila fremu ina nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti kidogo, moja yenye mistari ya witiri na nyingine ya shufwa, na kwenye kompyuta vitu vinavyotembea huonekana na kingo zenye meno kama ya kitana. Ukitengeneza DVD-Video, ziache nusu hizo zilivyo, kwa kuwa deki na televisheni zinajua kuzishughulikia; hakikisha tu mpangilio wa nusu ipi itangulie haujageuzwa, vinginevyo picha itatetemeka. Ukitengeneza MP4, ziunganishe kwa kichujio cha yadif au bwdif kabla ya kubana. Usibadilishe ukubwa wa picha kabla ya kuziunganisha, maana meno hayo yatachanganyika na picha na hayatatoka tena.

Baada ya kubana video ya simu, sauti inaachana na midomo. Nifanyeje?

Simu nyingi hazirekodi kwa idadi thabiti ya fremu. Mwanga ukipungua au chombo kikichoka, fremu hupungua kutoka 30 hadi 27 au 24 kisha hurudi, na programu inayodhani fremu ni 30 wakati wote huisogeza picha polepole mbali na sauti. Dalili yake ni kwamba mwanzo wa video hauna kasoro na mwisho wake una kasoro kubwa. Dawa ni kuagiza programu iandike fremu kwa idadi thabiti. HandBrake ina chaguo hilo katika ukurasa wa video, chini ya mahali pa kuchagua idadi ya fremu. Fanya hivyo kabla ya kuhariri.

Video zilizopigwa simu ikiwa wima zitakuwa na weusi pande zote mbili kwenye DVD, na sishauri kuzikuza hadi zijaze upana, kwa sababu vichwa na miguu hukatwa.

Kompyuta yangu inachukua saa nyingi. Je, kadi ya picha inaweza kusaidia?

Inaweza, tena sana kwa upande wa kasi. Kadi nyingi za picha zina sehemu maalumu ya kubana video, kama NVENC ya Nvidia na Quick Sync ya Intel, nazo humaliza kwa dakika kazi ambayo kichakato kikuu hufanya kwa saa. Lakini kwa ukubwa uleule wa faili, mara nyingi ubora hushuka kidogo ukilinganisha na x264 iliyopewa muda wa kutosha. Nafasi ikiwa tele, tumia kadi. Nafasi ikiwa finyu, kama ilivyo kwenye diski, iache kompyuta ifanye kazi usiku kwa mpangilio wa polepole.

Faili langu lina gigabaiti 5, flashi au diski ina nafasi, lakini halinakiliki. Kwa nini?

Hapa kinachogoma ni mfumo wa mafaili. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili lolote linalofikia gigabaiti 4, hata ikiwa tupu kabisa. Ifomati upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo. Kwa diski zenyewe, mfumo wa zamani wa ISO 9660 nao huleta kizuizi cha namna hiyo, hivyo chagua UDF katika programu ya kuchomea unapoweka faili kubwa kwenye diski ya tabaka mbili au Blu-ray.

Je, naweza kubana tena faili nililokwisha kulibana, na kufuta la asili?

Unaweza kulibana tena, lakini kila mara unapoandika upya unapoteza kitu, na kodeki hutumia biti kuhifadhi hata makosa ya ubanaji uliotangulia. Rudi kwenye faili la asili kila unapotaka nakala ya ukubwa mwingine. Hii ndiyo sababu naomba sana usilifute. Diski ya kugawa ni nakala ya kutazama. Faili la asili liweke kwenye diski ya nje, na ikiwezekana kwenye mbili zilizo sehemu tofauti. Leo hatujui televisheni na kodeki za baadaye zitaweza nini, ila picha iliyobanwa kupita kiasi na kubakia peke yake hakuna atakayeweza kuirudisha.

Si afadhali kugawanya video kwenye diski mbili?

Mara nyingi ni afadhali, na ni ajabu jinsi watu wanavyolikwepa suluhisho hili. Ikiwa hesabu inakupa chini ya kilobiti 3,000 kwa DVD-Video yenye mwendo mwingi, gawanya. Tafuta mahali pa asili pa kukata, kama vile mwisho wa shughuli moja na mwanzo wa nyingine, na andika namba kwenye kila diski. Diski ya tabaka mbili ni chaguo jingine, ingawa baadhi ya deki za zamani husitasita au hugoma zikifika mahali pa kuhamia tabaka la pili.

Nimechoma diski, lakini deki haiisomi. Tatizo ni nini?

Kwanza hakikisha diski imefungwa mwishoni mwa uchomaji. Diski iliyoachwa wazi ili iongezwe mafaili baadaye husomwa na kompyuta lakini deki nyingi huikataa. Pili, angalia kama umechoma folda ya VIDEO_TS kupitia chaguo la DVD-Video, au umeinakili tu kama data ndani ya folda nyingine. Tatu, punguza kasi ya biti: deki nyingi hutetereka kwenye diski za kuchomwa nyumbani zinapokaribia kikomo cha 9,800, na mimi nisingepita 8,000 hata kwa video ya nusu saa ambayo ina nafasi tele.

Kisha iangalie diski yenyewe. Data huandikwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni, na ukingo ndio unaoharibika mapema kwa vidole na mikwaruzo, kwa hiyo video inayokwama karibu na mwisho mara nyingi inaonyesha diski iliyojazwa mno au iliyochomwa kwa kasi kubwa mno. Choma kwa kasi ya wastani, kama 4x au 8x, na uiruhusu programu ilinganishe diski na faili baada ya kumaliza. Usibandike karatasi juu yake, kwa sababu hupinda kwa joto na kuvuruga mzunguko. Andika kwa kalamu laini iliyotengenezwa kwa ajili ya diski. Ikiwa diski ya DVD-R inagoma, jaribu DVD+R au kinyume chake, kwani deki za zamani hutofautiana katika hilo. Diski za RW, zinazofutika, huakisi mwanga wa leza kwa udhaifu zaidi, hivyo zitumie kwa majaribio tu, na nakala ya kumpa mtu ichome kwenye diski ya R.